Madhara ya dawa za upara za kupaka: lipi ni la dawa na lipi ni la maji yake

Mtu anayetangaza kwamba ameanza kupaka dawa ya upara hupokea maonyo kabla hajapokea pongezi. Ataambiwa kwamba fulani kichwa kilimwasha mpaka akaacha, kwamba mwingine moyo ulimwenda mbio usiku, kwamba wa tatu nywele zilizidi kupukutika badala ya kuota, na kwamba yupo aliyepoteza kabisa hamu ya tendo la ndoa. Maonyo hayo mengi yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba husimuliwa kana kwamba ni jambo moja, ilhali kila moja lina chanzo chake, na asiyekijua chanzo hawezi kuamua kama anapaswa kuvumilia, kubadilisha aina ya dawa, au kuacha siku hiyo hiyo na kwenda kumwona daktari. Nimepaka minoksidili kwa miaka kadhaa, kwanza ile ya maji na baadaye ya povu, na makala hii ni jaribio langu la kuyatenganisha mambo hayo.

Niianze dawa yenyewe, kwa sababu historia yake inaeleza karibu madhara yake yote. Minoksidili haikuundwa kwa ajili ya nywele. Ilitengenezwa na kampuni ya Upjohn ya Marekani, ikaidhinishwa huko mwaka 1979 kwa jina la Loniten kama kidonge cha shinikizo kali la damu, kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Kazi yake ilikuwa kulegeza kuta za mishipa midogo ya damu ili shinikizo lishuke. Wagonjwa walioimeza kwa muda wakaanza kuota nywele kwenye paji la uso, mashavuni, mikononi na mgongoni, wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo kile ambacho leo tunakilipia kama tiba kiliingia kwanza kwenye mafaili ya wagonjwa kama madhara. Watafiti waliiyeyusha dawa hiyo katika kimiminika cha kupaka, na mwaka 1988 Rogaine yenye nguvu ya asilimia 2 ikaidhinishwa kwa wanaume wenye upara wa kurithi. Wanawake walifuata mwaka 1991, kisha ikaja ile ya asilimia 5, na povu likaidhinishwa mwaka 2006.

Kutokana na historia hiyo, mpakaji anapaswa kukumbuka mambo mawili. La kwanza ni kwamba yaliyowapata waliomeza vidonge yanaweza kumpata na yeye, iwapo dawa ya kutosha itapenya ngozi na kuingia katika damu. La pili ni kwamba minoksidili haichagui mahali: huotesha nywele popote inapofika, ilimradi pana mashina ya nywele ya kuamsha.

Sasa, ni kiasi gani hupenya? Kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, wastani wa asilimia 1.4 tu ya dawa iliyopakwa ndiyo huingia katika damu. Mililita moja ya dawa ya asilimia 5 ina miligramu 50. Anayepaka asubuhi na jioni anapaka miligramu 100, na kati ya hizo miligramu 1.4 hivi ndizo zitakazozunguka mwilini. Mgonjwa wa shinikizo la damu huanzishiwa miligramu 5 kwa siku, na wengi huishia kati ya 10 na 40. Hesabu hiyo inatuliza, lakini isitulize kupita kiasi, maana siku hizi madaktari wa ngozi huwaandikia baadhi ya wagonjwa wa upara kidonge hicho hicho kwa dozi ndogo mno, wakati mwingine chini ya miligramu 1, na bado nywele huota. Kwa hiyo hiyo miligramu moja na ushei ni kidogo, lakini si sifuri.

Linalowakimbiza watu mapema zaidi, hata hivyo, halihusiani na damu wala moyo. Ni kuona nywele zikipukutika kwa wingi kuliko zilivyokuwa kabla ya dawa. Kila unywele wa kichwani hukua kwa miaka kati ya 2 na 6, kisha hupumzika kwa miezi 3 hivi, halafu huanguka na shina lake huanza safari upya. Ndiyo maana hata mtu asiye na upara hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kujua. Minoksidili hukifupisha kipindi cha mapumziko. Nywele zilizokuwa zinasubiri zamu ya kuanguka, ambazo zingeanguka mojamoja kwa miezi, huachiwa karibu kwa pamoja ili mashina yake yaanze kuotesha nyingine. Jambo hili hutokea kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8, kisha hupungua lenyewe.

Mimi nilikuwa na tabia ya kuzitazama nywele hizo kwenye taulo jeupe, chini ya taa. Nyingi zilikuwa fupi na nyembamba, zile ambazo upara ulikwisha kuzidhoofisha, na kila moja ilikuwa na kifundo kidogo cheupe, kikavu, upande wa shina. Kifundo hicho ni habari njema, kwa kuwa ni alama ya unywele uliokuwa umemaliza kukua na kupumzika. Unywele uliokatika katikati hauna kifundo, na huo huashiria tatizo lingine, kama vile kemikali kali au kuvutwa kwa mtindo wa kusuka. Nasikitika kwamba hali hii hutajwa kwa mstari mmoja tu kwenye karatasi za maelezo, maana anayeacha dawa katika wiki ya sita ameshapata hasara yote na hajagusa faida hata kidogo. Ila kuna mpaka: kama kupukutika kunaendelea baada ya miezi mitatu au minne, au nywele zinatoka kwa mabaka ya duara, dawa isisingiziwe; upungufu wa madini ya chuma, maradhi ya tezi ya shingo, homa kali iliyopita na kujifungua vyote hupukutisha nywele, na vinahitaji uchunguzi wake.

Mwasho ndio ulionisumbua mimi, na ndio uliobeba jina la makala hii. Minoksidili haiyeyuki kirahisi kwenye maji matupu, hivyo ile ya maji huchanganywa na alkoholi na kimiminika kizito kidogo kiitwacho propilini glaikoli. Alkoholi hukausha ngozi. Propilini glaikoli huisaidia dawa kupenya, lakini kuna ngozi nyingi zisizoivumilia. Dakika chache baada ya kupaka ngozi ya utosi ilikuwa ikikaza, kisha mwasho ukaja na kukaa mpaka saa za jioni, na baada ya wiki kadhaa vikaanza vigamba vyeupe vya kuanguka mabegani, vinavyofanana na mba kwa kila hali. Daktari wa ngozi niliyemwendea hakugusa kichwa kwanza. Alikigeuza kichupa, akapitisha ukucha kwenye orodha ya viambato, akaliruka jina la minoksidili na kusimama kwenye jina lililofuata. “Ninayemshuku ni huyu,” alisema. “Dawa yako mwache kwanza.”

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba sehemu ya vigamba vile haikuwa hata ngozi. Alkoholi ikishakauka, dawa iliyobaki juu huganda na kuwa chembechembe nyeupe, ambazo hutoka kwa kuoshwa na hazina wekundu chini yake. Vigamba vya ngozi iliyokereka huacha wekundu na hurudi muda mfupi baada ya kuosha. Kutofautisha hivyo viwili hakuhitaji kipimo chochote, kioo na mwanga wa dirishani vinatosha, na kunamwepusha mtu kununua shampuu za mba asizozihitaji.

Lililo gumu zaidi ni kutofautisha kukereka kwa ngozi na mzio wa kweli. Kukereka huanza mapema, hubaki pale pale dawa ilipopakwa, na hupungua mtu akipunguza kiasi au akiruka siku. Mzio una tabia ya kuvizia: mtu anaweza kupaka kwa miezi bila shida yoyote, kisha siku moja ngozi inavimba, inatoa vipele vya majimaji, na hali inasambaa hadi kwenye paji la uso, masikio na kope, mahali ambapo hakupaka kitu; na tangu hapo hata tone moja huamsha moto ule ule. Kinachothibitisha mzio ni kipimo cha viraka, ambapo daktari hubandika mgongoni kiasi kidogo cha kila kiambato peke yake, huviacha kwa saa 48, kisha husoma ngozi mara anapoviondoa na tena siku chache baadaye. Jibu lake lina uzito mkubwa. Ikiwa mkosaji ni propilini glaikoli, kama inavyotokea kwa wagonjwa wengi wa aina hii, mtu anaweza kuhamia kwenye povu, ambalo halina kiambato hicho, au kwenye dawa iliyochanganywa kwa glisarini. Ikiwa mkosaji ni minoksidili yenyewe, kubadilisha chupa hakutasaidia.

Povu nalo lina mambo yake. Bado lina alkoholi, kwa hiyo bado hukausha, na gesi inayolisukuma hushika moto kwa urahisi. Mpakaji asikaribie jiko wala kiberiti mpaka kichwa kikauke. Pia huyeyuka haraka kwenye vidole vyenye joto na kuishia mkononi badala ya kichwani. Kunawa kwa maji baridi na kukausha vidole kabla ya kulikamua huondoa kero hiyo.

Ngozi inayowasha hukunwa, na ngozi iliyokunwa huwa na michubuko, na hapa ndipo mambo mawili niliyokwisha kuyatenganisha hukutana tena. Ile asilimia 1.4 ni ya ngozi nzima. Ngozi iliyochubuka, iliyoungua na jua, yenye ukurutu, au iliyotobolewa kwa roli ya sindano muda mfupi kabla ya kupaka, huruhusu dawa nyingi zaidi kuingia katika damu. Hali kadhalika kwa anayeongeza kipimo akiamini kwamba mililita mbili zitaotesha nywele maradufu, na kwa anayechanganya na mafuta ya tretinoini, dawa ya kupaka ya chunusi, ambayo huongeza upenyaji. Kwa hiyo mwasho, ambao kwa asili yake ni wa kimiminika, unaweza kufungua mlango kwa madhara ambayo kweli ni ya dawa.

Madhara hayo yana mantiki yake. Mishipa ikilegea, shinikizo hushuka. Moyo hupiga haraka ili kufidia. Figo nazo hushika chumvi na maji. Ndiyo maana wanaomeza minoksidili kwa ajili ya shinikizo huongezewa dawa ya kutuliza mapigo na dawa ya kukojoza. Kwa mpakaji, dalili za kuangalia ni mapigo kwenda mbio akiwa amekaa tu, kizunguzungu hasa anaposimama, kuumwa kichwa kusikozoeleka, kuvimba uso au vifundo vya miguu, na uzito kupanda ghafla kwa siku chache. Maumivu ya kifua na kuzirai si vya kujadiliana navyo: dawa inaachwa na huduma ya haraka inatafutwa. Mwenye maradhi ya moyo au anayetumia dawa za shinikizo anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kufungua kichupa, na mjamzito au anayenyonyesha anashauriwa asitumie kabisa.

Dalili hizi ni nadra kwa wapakaji, lakini zina tatizo la kuigwa na woga. Mtu aliyesoma usiku kucha habari za moyo kwenda mbio, kisha akapaka dawa kwa mara ya kwanza na kulala huku ameweka mkono kifuani, moyo wake utaenda mbio. Njia pekee ninayoiona ya kumtenganisha mtu na woga wake ni namba za kabla: kupima mapigo na shinikizo asubuhi akiwa ametulia, kwa siku kadhaa kabla ya kuanza, na kuziandika. Bila namba hizo, mapigo 88 kwa dakika hayana maana yoyote. Pengine ndivyo alivyo siku zote. Faida nyingine ni kwamba dawa hii haikai mwilini. Baada ya kuacha kupaka, takriban asilimia 95 ya iliyokuwa imeingia katika damu hutoka ndani ya siku 4, hivyo kizunguzungu kinachoendelea wiki mbili baada ya kuacha kinahitaji maelezo mengine.

Kuhusu nywele kuota zisikotakiwa, wanawake ndio wanaoathirika zaidi, kwenye paji la uso, mashavuni na pembeni mwa masikio, na zaidi kwa ile ya asilimia 5 kuliko ya asilimia 2. Nyingine hutokana na dawa iliyoingia katika damu, lakini nyingi hutokana na mkono ambao haukunawiwa, tone lililoteremka usoni, au mto wa kulalia uliolowa dawa ambayo haikupewa muda wa kukauka. Kupaka saa kadhaa kabla ya kulala hutatua mengi, na nywele hizo huondoka zenyewe miezi michache baada ya kuacha. Kwa kuwa ni dawa ya mguso, suala hili halimhusu mpakaji peke yake. Mwaka 2019 nchini Hispania watoto wachanga walioandikiwa dawa ya tumbo ya omeprazoli waliota nywele mwili mzima, na ikagundulika kwamba kulikuwa na minoksidili iliyochanganywa kimakosa humo. Baadaye zikaripotiwa barani Ulaya taarifa za watoto wachanga walioota nywele kwa kugusana tu na ngozi ya mzazi aliyepaka. Mwenye mtoto mdogo anayependa kupakatwa begani asilichukulie hilo kwa wepesi. Na mwenye paka nyumbani afahamu kwamba minoksidili ni sumu kali kwa mnyama huyo. Kiasi kidogo alichokilamba kwenye mto au kwenye ngozi ya mfugaji wake kinaweza kumuua.

Wapo pia wanaodai kwamba dawa hii inazeesha uso. Hoja hiyo imejengwa juu ya majaribio ya seli katika maabara, na mimi sijaiona ikisimama kwa watu halisi. Nimeitaja ili tu isidhaniwe nimeisahau.

Ile habari ya kupoteza hamu ya tendo la ndoa ni ya dawa nyingine kabisa, finasteridi, na kuichanganya na minoksidili ni kosa linaloenezwa kila siku. Finasteridi huzuia kimeng’enya kinachogeuza homoni ya testosteroni kuwa ile iitwayo kwa kifupi DHT, ambayo ndiyo hunyausha mashina ya nywele kwa wenye upara wa kurithi. Kidonge chake cha miligramu 1 kiliidhinishwa Marekani mwaka 1997, na kwa kuwa sehemu ya waliokimeza walipata upungufu wa nguvu za kiume, likaja wazo la kuipaka badala ya kuimeza, kwa matumaini kwamba itabaki kichwani. Haibaki yote. Katika jaribio lililolinganisha njia hizo mbili, kidonge kilishusha DHT ya kwenye damu kwa takriban asilimia 55, na dawa ya kupuliza kichwani ikaishusha kwa takriban asilimia 34. Huo ni unafuu, lakini ni unafuu wa nusu.

Mwezi Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu finasteridi ya kupaka inayochanganywa na maduka ya dawa, ikieleza kwamba hakuna ya kupaka iliyoidhinishwa nchini humo, na kwamba kati ya mwaka 2019 na 2024 ilipokea taarifa 32 za madhara, yakiwamo upungufu wa nguvu za kiume, wasiwasi, sonona, kukosa usingizi, maumivu ya korodani na hata mawazo ya kujiua. Baadhi ya walioripoti walisema dalili ziliendelea baada ya kuacha. Taarifa 32 hazitoshi kusema madhara hayo hutokea mara ngapi. Zinatosha kusema kwamba dawa ya kupaka isiuzwe kana kwamba mwili hauijui. Mjamzito hapaswi kuigusa hata kidogo, kwani inaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Woga nao una nafasi yake hapa, na umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwahusisha wanaume waliopewa finasteridi ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume iliyokua. Waliofahamishwa mapema kwamba dawa inaweza kuathiri nguvu zao za kiume waliripoti angalau tatizo moja la tendo la ndoa kwa asilimia 43.6, na wasiofahamishwa kwa asilimia 15.3. Wapo wanaotumia matokeo hayo kuwaambia wagonjwa kwamba wanajitungia maradhi, jambo ambalo naliona ni dharau, kwa sababu hata wasioambiwa kitu waliathirika, na kwa sababu kumficha mtu habari za mwili wake si tiba. Ninachokichukua mimi ni kile kile cha mapigo ya moyo: mtu ajue hali yake ilivyokuwa kabla ya kuanza, usingizi, hamu na moyo wake, ili awe na cha kulinganisha.

Kwa sababu hiyo hiyo sivutiwi na vichupa vinavyochanganya minoksidili na finasteridi tangu siku ya kwanza. Vinarahisisha upakaji, lakini kizunguzungu kikitokea, au hamu ikipungua, au ngozi ikivimba, hakuna atakayejua aanze kuondoa nini. Kuanza na moja, kuipa miezi, kisha kuongeza nyingine kama inahitajika, ni njia ya polepole ambayo daktari anaweza kuisoma.

Anayeamua kuacha minoksidili anapaswa kujua kitakachofuata, maana hapo pia huzuka shutuma mpya. Nywele zilizokuwa zinashikiliwa na dawa huanguka ndani ya miezi 3 hadi 6, wakati mwingine kwa wingi wa kutisha, na wengi husema dawa imewaharibu. Zinazoanguka ni zile ambazo dawa ilizileta au ilizizuia zisiondoke. Kichwa kinarudi pale ambapo upara ungekuwa umekifikisha kwa wakati huo. Mwasho huondoka mapema zaidi ya nywele, na vivyo hivyo mapigo ya moyo. Anayeacha kwa ajili ya mwasho pekee, kabla ya miezi hiyo kupita, bado ana muda wa kujaribu povu.